Kauli Niliyoiacha Kinondoni

Kwako somo yangu Bi Tatu,

Barua ya mtu aliye hai naijua inavyoanza. Unaulizia afya yake, unaulizia watoto, kisha unasema ukitaka kujua hali zetu huku sie hatujambo. Kwako sijui niulize nini. Afya yako sasa iko kwa Mwenyezi Mungu, na hapo mie sina swali, nina dua tu. Basi naanza na za kwetu. Sie hatujambo. Salma mjukuu wako ameolewa. Bi Chausiku alikuja. Na mie nina jibu lake la kukuletea, maana wewe ndiye uliyenituma kwake, na mwalishi anayezunguka kualika watu halafu asirudishe majibu ulikuwa unamwita mzururaji.

Nimekaa ukumbini kwako naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile alizonifundisha marehemu baba. Mwalimu Danieli, mpangaji wako, alitaka kuniandikia yeye kwa herufi zake za skuli. Nikamwambia ahsante, hii naiandika mwenyewe. Akaniachia kalamu yake na wino, akaenda zake kusahihisha madaftari.

Tangu ututoke ni miezi minane. Serikali imetia bomba la maji karibu na soko la Temeke, na sasa ugomvi wote uliokuwa kisimani umehamia bombani. Makuti ya chumba cha uani tumeyabadilisha, hayavuji tena. Mwalimu, yule aliyekuwa akimwona pweza chunguni anatoka nje, sasa anakula na anaomba mchuzi. Na kuna jambo moja lingekuchekesha. Makarani wa Ilala wameanza kualika harusi kwa kadi. Karatasi ngumu, ina maua pembeni, mtu anaisukumiza chini ya mlango na kwenda zake. Bi Mwanaidi jirani yetu ilimfika moja. Akaigeuza huku na huku, akaniuliza nani kaileta, nikamwambia hatujui. Akasema kama hatujui aliyeileta, basi yeye hajaalikwa. Siku ya harusi alikaa nyumbani akapika mihogo, huku ngoma anaisikia.

Unajua kadi zile zimenikumbusha nini? Jioni ile ulipokuwa unachambua mchicha, na Mwalimu akakuuliza kauli ni nini. Alisema kwao Unyamwezini alifundishwa Kiswahili cha kitabuni, akafundishwa neno, usemi na tamko, lakini humu nyumbani anasikia kauli kutwa, na kila ikija imevaa nguo nyingine. Hukuinua hata kichwa. Ukamwambia akae hapo hapo, zitapita zenyewe.

Akakaa na daftari lake. Akapita muuza samaki, ukamtaka kauli yake ya mwisho, akaapa kwa mama yake kwamba hashuki tena, na akashuka. Mwalimu akaandika. Akapita binti wa fundi cherehani akakuamkia, ukasema mtoto huyu ana kauli njema. Mwalimu akabisha, mtoto hakusema lolote ila shikamoo. Ukamwambia asikilize alivyoisema. Kisha likazungumzwa la yule mzee wa Keko aliyekubali posa ya binti yake, na mahari ilipoletwa akageuka. Ukasema yule hana kauli. Mwalimu akaandika. Mwisho nikaleta mie habari ya mgonjwa wa Mtoni, kwamba amekata kauli tangu jana, hasemi tena. Mwalimu akaweka kalamu chini. Akasema anajua mtu akikata kauli ya kuoa, ndiyo ameamua. Sasa mtu huyo huyo aliyekata kauli akaoa anaweza akakata kauli akafa? Ulicheka, somo, ulicheka mpaka ungo ukakuteleza na mchicha ukaingia mchangani, na mie nikauosha upya.

Lakini alipokuuliza kauli yetu sie waalishi, uliacha kucheka. Ulimweleza taratibu. Kwamba unaingia ndani, unakaa, unapewa maji, unamngoja mwenye nyumba mwenyewe, hata kama amelala, hata kama yuko kuoga. Ndipo unamwambia fulani anakusalimu na anakuita kwenye shughuli yake. Unangoja jibu, unalirudisha kwa aliyekutuma. Ukishaitoa nusu, au ukimpa mtu mwingine aifikishe, umepiga kelele tu njiani, hukualika mtu. Mie nilikuwa pale pale nakuna nazi. Nikajikata kidole. Ukadhani ni uzembe wangu wa siku zote, ukanitupia kitambaa.

Haukuwa uzembe. Miaka mingi nimekuwa na jambo sikukwambia, na leo nalisema.

Harusi ya Zuhura, binti yako wa mwisho. Ilikuwa wakati wa vita, kanga zinapatikana kwa kibali, na wewe mguu umekuvimba. Siku zote tulialika wawili wawili, lakini siku zilikuwa zimetubana, ukasema tugawane. Wewe ukachukua Temeke na Keko, mie ukanipa nyumba sita za Kinondoni. Nyumba tano nilizifanya kama ulivyonifunza. Ya sita ilikuwa ya Bi Chausiku, shoga yako wa tangu utotoni. Na nyumba ya tatu kutoka kwake, unajua, ilikuwa ya yule bwana aliyeniacha.

Talaka yangu ilikuwa haijatimiza mwaka. Nilipokata kona nikamwona kakaa barazani na mke mpya, na yule mke ana mimba kubwa, anakula embe bichi kwa chumvi. Mie niliachwa kwa sababu sizai, somo. Wewe ulinichukua na kijifurushi changu ukanipa chumba na kazi, hukuniuliza hata siku moja. Miguu ilikataa kupita pale. Nikazunguka uani kwa Bi Chausiku nikamkuta mwanamke mmoja anachota maji kisimani. Nikamwambia juu ya ua: mwambie Bi Chausiku Ijumaa harusi ya Zuhura, kwa Bi Tatu, Temeke. Akasema haya. Nikaondoka karibu nakimbia. Yule mwanamke, nimekuja kujua, wala hakuwa wa nyumba ile. Alikuwa mpita njia wa Mwananyamala, amesimama kuomba maji ya mwanawe.

Nikarudi kwako. Ukaniuliza zimefika zote, nikasema zimefika. Ukaniuliza Chausiku amesemaje. Hapo ningeweza kusema kweli, kulikuwa na siku tatu bado, mtu angeweza kwenda tena. Mie nikamtilia Bi Chausiku maneno kinywani. Nikasema amepokea, amefurahi, atakuja na watu wake.

Siku ya harusi ulimwekea mahali karibu yako mkekani. Kila vigelegele vikipigwa mlangoni unageuka. Ulimfunikia sahani ya pilau mpaka ikapoa, na mie ndiye niliyekwenda kuwapa kuku ile pilau kesho yake.

Jumatatu ukaenda Kinondoni na mguu wako ule ule. Ulirudi alasiri. Nilikuwa nimekaa jikoni nasubiri uniite, na wewe ukaomba maji ya vuguvugu ya kukanda mguu. Ukasema, "Nimemkosea mwenzangu." Basi. Hukuniuliza lolote. Nikakukanda mguu huku moyoni nashukuru, eti sijagundulika. Mpumbavu mie.

Miaka saba hamkusemezana. Ulimpelekea salamu, hazikurudi. Mdogo wake alipofariki ulikwenda matangani, ukarudi ukasema palikuwa na watu wengi, kumbe hakuja hata kukupa mkono. Na miaka yote hiyo, kila nyumba mpya unayonipeleka, unaniweka mbele na kuwaambia watu, mpokeeni Mwajuma, kauli yake ni kauli yangu. Ulikuwa hujui unavyonichoma. Ndivyo nilivyodhani.

Asubuhi ile ya mwisho ulipokaa juani, mgongo wazi, nakupaka mafuta, uliniambia Salma akiolewa nyumba ya kwanza kualikwa ni ya Chausiku. Ukasema niende mie mwenyewe, nisimpeleke mtu. Nikasema inshallah. Siku ya nne kauli ikakukatika. Ulibaki na macho tu. Nilikulowesha midomo kwa pamba siku mbili nzima, na mara ngapi nilifungua kinywa nikuambie, nikaona haya kumwambia mtu asiyeweza kunijibu, hata kunigombeza. Ningesema. Siku mbili zote, somo. Unisamehe kwa zile siku mbili zaidi ya mengine yote.

Posa ya Salma ilipokamilika, wakwe walishauri kadi. Salma akasema yeye bibi yake alikuwa mwalishi, hataki kadi, anamtaka Mwajuma. Nikaliwaza jambo lile siku tano. Nilijua nikimweleza Bi Chausiku kweli, habari itatembea, na mwalishi aliyetunga jibu nani atampokea tena? Ndiyo kazi yangu, ndilo jina langu, sina mume wala mtoto wa kunilisha. Na nisipomweleza, nitakuwa nampelekea mwaliko wa mtu anayeamini alimtupa. Siku ya sita nikavaa buibui langu lile la Idi. Nikapanda basi mpaka Kariakoo, nikashuka bonde la Jangwani kwa miguu, nikapanda Magomeni, nikaingia Kinondoni. Yule bwana alikuwa barazani. Amezeeka. Akanisalimu, nikaitikia, nikapita. Miaka saba niliogopa kitu kile, na hakikuwa kitu.

Bi Chausiku alikuwa kwenye mkeka anasuka ukili. Amekonda, lakini vidole bado vyepesi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya mkato, hakuniambia kaa. Nikamwambia nimeleta kauli ya Bi Tatu. Akasema Tatu amekufa. Akasema kwenye msiba alitoka, alifika mpaka Magomeni, akarudi, na hakuna aliyejua ila yeye. Nikamwambia uliniachia kauli ile kabla hujafa.

Akasema, "Alipokuwa hai alinisahau, amenikumbuka kufa?"

Akanieleza yote bila kunitazama. Kwamba Jumatatu ile ulikaa kwenye mkeka wake ukamwambia kwa kinywa chako, nyumba zilikuwa nyingi, Chausiku, nimekusahau. Kwamba angeweza kukusamehe lolote, hata ungemwambia umemkasirikia, hata ungesema hutaki kumwona. Lakini nyie mlichota maji kisima kimoja, mkagawana doti moja ya kanga, kila mmoja kipande chake, mkazaa mwaka mmoja. Kusahauliwa hakukumtoka moyoni.

Ulijua, somo. Siku ile ile ulijua, kwa sababu mie nilikuletea jibu lake, na yeye anakwambia hajaona mtu. Ungesema neno moja tu, nimemtuma Mwajuma, shoga yako ungerudi naye mkono kwa mkono. Na mie nisingepokewa nyumba yoyote tena, Temeke wala Kinondoni. Ukanifikiria mie na kijifurushi changu, ukajitia wewe kosa. Halafu ukarudi nyumbani nikakukanda mguu.

Nikakaa chini bila kuambiwa. Nikamwambia, "Bi Tatu hakukusahau. Alinituma kwako, mie ndiye sikufika."

Nikamweleza lote. Mume, embe bichi, mwanamke wa kisimani, jibu nililolitunga, mahali ulipomwekea, pilau uliyomfunikia. Ukili ulikuwa umesimama mkononi mwake. Hakuniuliza kwa nini, wala hakuniuliza habari ya yule bwana. Aliuliza jambo moja tu.

"Hakunisahau?"

Nikasema, "Hakukusahau." Akauliza tena, nikajibu tena. Mara ya tatu alikuwa analia, anafuta uso kwa ncha ya kanga, na mkono mwingine ananichapa paja kwa ule ukili, si kwa nguvu. Akaniita mwongo mkubwa. Kisha akasema, "Na huyo aliyekufunda mwongo zaidi, amekuja hapa ananitazama machoni ananiambia amenisahau, na mie mjinga nimemwamini, Tatu ambaye hata siku ya kupotea mbuzi wetu anaikumbuka." Akacheka na machozi yale yale. Tukacheka wote wawili, haki ya Mungu, majirani wakachungulia.

Ndipo akaniletea maji. Nikanywa, nikakaa vizuri, nikampa kauli yako kama inavyotakiwa, mwanzo mpaka mwisho, kwa jina lako. Akaipokea.

Hakungoja Ijumaa. Alikuja Jumatano na wanawake sita na vyungu vyake, akaingia jikoni kwako akaanza kukosoa mchele. Alhamisi tumekaa uani tunachagua mchele, wanawake kama arobaini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba Mwajuma huyu ndiye aliyemkosesha harusi ya Zuhura. Akasimulia yote, huku akimtilia mbwembwe yule mpita njia wa Mwananyamala. Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Mwanaidi ndiye aliyetangulia, akasema basi kwake nisije nikaachia ujumbe kwa kuku. Uani pote pakacheka. Baadaye nikagundua Bi Chausiku alikuwa amekusudia. Aliyasema yeye mwenye kukosewa, mbele ya wote, na akanisamehe mbele ya wote, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na la kuninong'onea. Sasa kila nyumba ninayoingia wananiuliza kwanza, leo umekuja mwenyewe au umemtuma mchota maji? Kisha wananipa kiti. Mpaka leo hakuna mlango uliofungwa.

Siku ya ndoa aliyeingia chumbani kusikiliza kauli ya Salma ya kukubali alikuwa yeye. Salma alinyamaza kama wanavyonyamaza mabinti wote, akiinamisha kichwa. Bi Chausiku akamwambia kwake yeye kimya hakitoshi, bibi yake angetaka kusikia. Salma akasema nimeridhika, akaisema wazi, mpaka sie tuliokuwa nje ya pazia tukasikia. Ungeifurahia sauti ile.

Nilimsimulia Mwalimu jambo letu lote. Alifungua daftari lake kwenye ule ukurasa wa kauli, umejaa sasa, umefika pembeni. Akaniuliza ile kauli Bi Tatu aliyompa Bi Chausiku aiweke fungu gani, kwa sababu haikuwa kweli na hawezi kuiita uongo. Nikamwambia mie sijui, yeye ndiye mwalimu. Akafunga daftari. Akasema kesho atanunua jingine.

Sasa jibu lako. Siku ile ya Kinondoni, nilipokuwa naaga, nilimwuliza Bi Chausiku nimwambie nini aliyenituma. Alinisindikiza mpaka barabarani akifikiri. Akasema, "Mwambie nilikuwa namngojea aje mara ya pili. Kila Ijumaa, miaka saba. Angekuja ningemfungulia."

Hilo ndilo jibu, sikuongeza wala sikupunguza. Nililia nalo mpaka Jangwani. Lakini leo naliandika silii, kwa sababu nimeshajua la kufanya nalo. Ijumaa iliyopita nilikwenda kwake. Sikuwa na shughuli ya mtu wala salamu ya mtu. Nilipiga hodi, nikakaa, akanipa ukili wa kusuka, akaniambia nasuka vibaya. Na leo Ijumaa nitakwenda, na inayofuata, wewe hukupata kwenda mara ya pili kwa ajili yangu, mie nitakwenda mpaka mmoja wetu asiweze kutembea. Nakuahidi hilo.

Nakuaga, somo yangu. Mungu akulaze pema, akunawirishie kaburi lako. Bi Chausiku ananingoja tangu saa tatu, na hapendi kungojeshwa.

Mwanao uliyemfunda,
Mwajuma